Sauti Iliyonyimwa Pasipoti

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya ukoloni na Vita Baridi, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: serikali ikitaka kumnyamazisha mwimbaji anayesikilizwa na dunia nzima, itafanya nini? Majibu hayatofautiani sana. Itamfunga. Itapiga marufuku nyimbo zake redioni. Itamuua. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma, mtumishi wa umma aliyerudi chuoni kujiendeleza, alijibu kwa sauti ya chini: "Itamnyima karatasi, Daktari." Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hilo ndilo jibu nililokuwa nikilisubiri, na kati ya wote waliokuwamo darasani ni yeye peke yake aliyewahi kukaa upande wa ndani wa dirisha la ofisi ya serikali.

Makala haya yanamhusu Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi ambaye katikati ya karne iliyopita sauti yake nzito ilijulikana London, Moscow, New York na katika mabonde ya wachimba makaa ya mawe wa Wales. Vijana wetu wengi wanamjua Miriam Makeba, na ni vyema. Robeson hawamjui. Kutomjua huko kuna historia yake, na historia hiyo inatuhusu sisi Waafrika kuliko wengi wanavyodhani.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, akawa mchungaji. Hicho ndicho chuo walichosoma baadaye Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Mama yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki kwa ajali ya moto nyumbani Paul akiwa bado hajatimiza miaka sita. Mtoto huyo alilelewa na mzee ambaye mwilini mwake alibeba kumbukumbu ya utumwa, na ambaye hakumruhusu mwanawe kuridhika na alama za wastani.

Mwaka 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers. Alikuwa mweusi wa tatu kupokelewa katika historia ya chuo hicho. Alicheza mpira wa Kimarekani hadi akatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima mwaka 1917 na 1918, na alipohitimu mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wahitimu wenzake. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kusomea sheria, akamaliza mwaka 1923. Uwakili hakudumu nao. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyokuwa akimsomea, kwa sababu msomaji alikuwa mweusi. Robeson akafunga faili, akaondoka, akaingia jukwaani.

Tarehe 19 Aprili 1925, akiwa na mpiga kinanda Lawrence Brown, alifanya onyesho jijini New York ambalo nyimbo zake zote zilikuwa za watu weusi: nyimbo za kiroho walizoziimba watumwa mashambani, na nyimbo zao za kazi. Tuelewe uzito wa jambo hilo. Nyimbo hizo zilikuwa zikidharauliwa hata na baadhi ya weusi waliosoma, kwa kuwa ziliwakumbusha minyororo. Robeson alizipandisha kwenye jukwaa la heshima na kuziimba kama zilivyo. Miaka mitatu baadaye alikuwa London akiimba "Ol' Man River" katika tamthilia ya muziki ya Show Boat. Wimbo huo ulimtajirisha, lakini kadiri miaka ilivyokwenda alianza kubadilisha maneno yake, mpaka maombolezo ya mtu aliyechoka yakawa maneno ya mtu anayepigana.

London ndiko Robeson alikokutana na Afrika. Hakuja kwetu, Afrika Mashariki hakuwahi kuikanyaga. Alikutana nayo kwa wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakiishi mjini humo, akiwamo Jomo Kenyatta, na alikutana nayo darasani. Katikati ya miaka ya 1930 alijiandikisha katika chuo cha taaluma za Mashariki cha London, ambacho leo kinajulikana kama SOAS, akasoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1934 aliandika kwamba alitaka kuwa Mwafrika. Mtu aliyekuwa kileleni mwa umaarufu, ambaye angeweza kutumia saa zake kuhesabu fedha, alikaa kwenye dawati akijifunza ngeli za lugha yetu. Ninawaambia wanafunzi wangu wanaokionea haya Kiswahili wakumbuke dawati hilo.

Safari hiyo haikukosa kujikwaa. Mwaka 1935 alishiriki katika filamu ya Sanders of the River, akiamini kwamba ingeonyesha utu na utamaduni wa Mwafrika. Kenyatta naye alionekana humo kama mmoja wa machifu. Filamu ilipokamilika, Robeson aliona imegeuzwa kuwa sifa kwa mtawala Mwingereza anayewatuliza "wenyeji" wake. Aliikana. Somo alilolipata hapo ni kwamba msanii anaweza kuimba vizuri kabisa ndani ya kazi inayowadhalilisha watu wake, na kwamba nia njema haimwondolei lawama. Baada ya hapo alianza kuchagua. Mwaka 1937, katika mkutano wa kuwasaidia watoto wakimbizi wa vita vya Hispania uliofanyika Royal Albert Hall, alitamka waziwazi kwamba msanii hana mahali pa kujificha: atachagua kupigania uhuru au atachagua utumwa, na yeye amekwisha kuchagua. Mwezi Januari 1938 alikwenda Hispania mwenyewe kuwaimbia wapiganaji wa jamhuri.

Mwaka huohuo wa 1937 alisaidia kuanzisha chombo ambacho baadaye kiliitwa Baraza la Masuala ya Afrika, akawa mwenyekiti wake. W. E. B. Du Bois alijiunga nalo baadaye. Wakati magazeti makubwa ya Marekani yalikuwa yakiitaja Afrika kwa habari za simba tu, baraza hilo lilitoa taarifa za migomo, kodi na ardhi zilizoporwa. Mwaka 1946 lilichangisha chakula na fedha kwa ajili ya watu wa Afrika Kusini waliokumbwa na njaa. Kenya ilipowekwa chini ya hali ya hatari mwaka 1952 na Kenyatta kukamatwa, lilikuwa miongoni mwa sauti chache ndani ya Marekani zilizomtetea.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu maalumu. Katika miaka hiyo Robeson alikuwa kipenzi cha Marekani. Onyesho lake la Othello lililofunguliwa Broadway mwaka 1943 lilifanyika mara 296, rekodi ambayo tamthilia ya Shakespeare haijawahi kuifikia mahali hapo. Wimbo wa kizalendo alioutangaza redioni mwaka 1939, "Ballad for Americans", ulipendwa kiasi cha kuimbwa katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mwaka uliofuata. Mwaka 1947 mapato yake yalizidi dola 100,000. Ilihitajika kazi kumfuta mtu wa namna hiyo.

Kazi hiyo ilianza kwa maneno. Mwezi Aprili 1949 alihutubia mkutano wa amani jijini Paris. Shirika la habari likatangaza maneno ambayo hakuyasema hivyo, yakimwonyesha kama mtu anayewasemea weusi wote kwamba hawatapigana vita dhidi ya Urusi. Hasira zikawaka. Viongozi wa vyama vya watu weusi, kwa kuogopa kuitwa wakomunisti, walikimbilia kumkana. Mwezi Julai mchezaji maarufu wa besiboli, Jackie Robinson, aliitwa mbele ya kamati ya bunge kuzungumza dhidi yake. Mwezi Agosti wahuni walivunja onyesho lake karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York. Aliporudi tarehe 4 Septemba, watu wapatao 20,000 walikuja kumsikiliza, na wafanyakazi wa vyama walisimama bega kwa bega kumlinda. Aliimba. Watu walipokuwa wakiondoka, magari na mabasi yao yalipigwa mawe barabarani huku polisi wakitazama, na zaidi ya watu 140 walijeruhiwa.

Kisha ikaja karatasi. Mwaka 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilifuta pasipoti yake, kwa maelezo kwamba safari zake nje ya nchi zingekuwa kinyume na maslahi ya Marekani. Hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote, na hakuwahi kushtakiwa hadi alipofariki. Alipotaka kurejeshewa haki yake, alidaiwa atie sahihi kiapo cha kueleza kama alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Alikataa, akisema mawazo ya raia si mali ya ofisi ya pasipoti.

Alikwenda mahakamani, na hapo ndipo serikali ilipolazimika kuandika ilichokuwa ikikificha. Katika hoja zake za maandishi za mwaka 1952, Wizara ilitaja kama sababu dhidi yake kwamba kwa miaka mingi mwimbaji huyo alikuwa amejishughulisha mno, kisiasa, na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Ndugu msomaji, sentensi hiyo isomwe mara ya pili. Taifa lililojitangaza kuwa mlinzi wa uhuru duniani lilikiri mbele ya jaji kwamba Mmarekani mmoja hafai kuvuka mpaka kwa kuwa anataka sisi tuwe huru. Tunapofundisha historia ya ukombozi wetu, tunataja kwa haki majina ya waliofungwa Kapenguria na Robben Island. Ni haki pia kumtaja aliyefungiwa ndani ya nchi yake mwenyewe kwa ajili yetu.

Tazama jinsi adhabu hiyo ilivyofanya kazi. Nje ya nchi alikuwa bado akialikwa, lakini hakuweza kwenda. Ndani ya nchi wenye kumbi walimfungia milango, kampuni za santuri ziliacha kumrekodi, maduka yaliziondoa santuri zake. Mapato yake yalishuka hadi dola elfu chache kwa mwaka. Hakuna sheria iliyomzuia kuimba. Afisa mmoja alizuia hati moja. Waliobaki wote, kuanzia meneja wa ukumbi hadi mhariri wa gazeti, walifanya kilichobaki kwa woga wao wenyewe, bila kuamriwa. Ufanisi wa adhabu ya namna hii uko hapo: haiachi damu, na kila aliyeshiriki anaweza kusema kwamba yeye alifuata utaratibu tu.

Mwezi Januari 1952 chama cha wafanyakazi wa migodi kilimwalika Vancouver, Kanada. Raia wa Marekani hakuhitaji pasipoti kuingia Kanada, lakini maafisa walimzuia mpakani hata hivyo. Siku iliyofuata aliwaimbia wajumbe kwa simu. Tarehe 18 Mei mwaka huo alirudi mpakani, penye tao la amani linalozitenganisha nchi hizo mbili, akasimama juu ya lori lililoegeshwa upande wa Marekani na kuwaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu zaidi. Mwezi Mei 1957 aliwaimbia wasikilizaji wa London kwa njia ya waya mpya wa simu uliopita chini ya bahari ya Atlantiki, na Oktoba mwaka huo wachimba makaa wa Wales wakamsikia kwa njia hiyohiyo. Mwili ulibaki New York, sauti ilivuka.

Tarehe 12 Juni 1956 aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza wale walioitwa wapinga Umarekani. Alipoulizwa kwa nini asihamie Urusi ikiwa anaipenda hivyo, aliwajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa wakiijenga nchi hiyo, na kwamba atabaki papo hapo na kuwa na sehemu yake kama wao walivyokuwa na yao. Jibu hilo huwa nawasomea wanafunzi wangu kwa maneno yake yote, na darasa huwa kimya.

Hata hivyo sitaki kumfanya malaika, kwa sababu historia ya malaika haimfundishi mtu kitu. Robeson aliipenda Urusi kwa kuwa huko alitendewa kama binadamu kamili, na upendo huo ulimfumba macho, au ulimfumba mdomo. Mwaka 1949 akiwa Moscow alikutana na rafiki yake, mshairi wa Kiyahudi Itzik Feffer, aliyetolewa kizuizini ili wakutane. Feffer alimweleza kwa ishara kwamba hali ni mbaya na kwamba wenzake wanauawa. Jioni ya onyesho lake Robeson aliimba, kwa lugha ya Kiyidi, wimbo wa wapiganaji wa mtaa wa Wayahudi wa Warsaw, na waliokuwa ukumbini walielewa. Lakini aliporudi nyumbani hakusema neno hadharani. Feffer aliuawa mwaka 1952, mwaka uleule Robeson alipotunukiwa tuzo ya amani yenye jina la Stalin. Aliyejua vizuri kiasi hicho maana ya kunyamazishwa, alinyamaza. Ninawaambia wanaharakati vijana: mtu anaweza kuwa shujaa wa haki katika nchi moja na akashindwa nayo katika nchi nyingine. Tusiyafiche yote mawili.

Tarehe 16 Juni 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua katika shauri la mchoraji Rockwell Kent kwamba haki ya kusafiri ni sehemu ya uhuru wa raia, na kwamba Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa amejitwalia mamlaka ambayo bunge halikumpa alipowanyima watu pasipoti kwa sababu ya itikadi zao. Robeson alirejeshewa pasipoti yake baada ya miaka minane. Alikwenda London, akaigiza Othello Stratford mwaka 1959, na Novemba 1960 akawaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney wakiwa bado juu ya majukwaa yao ya mbao. Lakini alikuwa na miaka sitini na mwili ulikuwa umechoka. Mwaka 1961 afya yake ya akili iliporomoka, akatibiwa Uingereza na Ujerumani Mashariki. Alirudi Marekani mwishoni mwa 1963, akaishi kimya hadi alipofariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Jumba la heshima la wachezaji wa mpira wa vyuo lilimwingiza mwaka 1995, zaidi ya miaka 75 baada ya kumaliza kuichezea Rutgers.

Sasa tujitazame. Katika miaka ileile ambayo Robeson alizuiwa kutoka, Mwalimu Nyerere aliruhusiwa kuingia New York mwezi Machi 1955 kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lakini kwa viza yenye masharti makali ya muda na ya mahali anapoweza kwenda. Viongozi wetu waliijua vizuri nguvu ya mhuri. Ndiyo maana inauma kuona kwamba baada ya uhuru mhuri huo haukutupwa. Hapa Tanzania, mwaka 2001, serikali ilimtangaza mwandishi Jenerali Ulimwengu kuwa si raia, mtu aliyekuwa amekwisha kuitumikia nchi hii kama mbunge na mkuu wa wilaya. Kenya, mwaka 2018, Miguna Miguna alisafirishwa kwa nguvu nje ya nchi aliyozaliwa huku amri za mahakama zikipuuzwa, na hakurudi hadi Oktoba 2022. Mtu anaweza kutopenda siasa za hawa wote wawili. Swali halihusu kama tunawapenda.

Katiba yetu, Ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo katika Ibara ya 39. Maneno hayo yameandikwa vizuri, lakini hayajitekelezi. Yanamtegemea mtu aliyekaa dirishani, mwenye faili mkononi na simu ya mkubwa sikioni. Kwa mtumishi wa umma anayesoma makala haya, Robeson anaacha swali dogo la kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi: ni kifungu gani cha sheria kinachoniruhusu kumkatalia mtu huyu? Waziri wa Marekani aliulizwa swali hilo, na baada ya miaka minane ilidhihirika hakuwa na jibu. Katika miaka hiyo minane mwanadamu mmoja alikuwa amekwisha kuzeeka.

Mwanafunzi wangu yule wa nyuma alibaki darasani wengine walipotoka. Hakutaka kunieleza habari za dirisha lake, nami sikumwuliza. Aliniomba tu nimpigie ile rekodi ya mpakani. Tulikaa wawili tukamsikiliza mzee akiimba juu ya lori, na upepo ukisikika ndani ya kipaza sauti.